Wathai hawakutawaliwa, lakini utamaduni wao si wa kufungiwa kabatini: niliyoyaona Chanthaburi

Broka wa Safaya (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Wiki iliyopita ndugu yetu Mkweli Daima aliandika humu kwamba Wathai hawakutawaliwa na Mzungu, ndiyo maana utamaduni wao umebaki safi, na sisi tulitawaliwa ndiyo maana tumebaki kuiga. Wengi mlimuunga mkono. Nilianza kumjibu pale pale, nikaona jibu linazidi uzi wenyewe, kwa hiyo nimefungua huu.

Mimi ni broka wa mawe ya vito, Arusha. Wathai niliwaona kwa mara ya kwanza Tunduru, katikati ya miaka ya 1990, mji umefurika wanaapolo, wachimbaji wadogo wa vito, na kila baraza lina mnunuzi. Walikaa na mizani ndogo, tochi na kikokotoo, hawapandishi sauti, hawana haraka. Miaka ikapita, nikaamua kuyafuata mawe yanakokwenda. Yanakwenda Chanthaburi, mji wa kusini-mashariki mwa Thailand, kama kilomita 250 kutoka Bangkok. Huko ndiko safaya inakoingizwa tanurini mpaka rangi ifunguke, na mwisho wa wiki mtaa wa Si Chan unageuka soko la mawe. Pale anayekaa mezani ni mnunuzi, mabroka ndio wanaozunguka na pakiti zao. Ukitaja bei na broka akaona inaelekea, pakiti inafungwa kwa selotepu, bei inaandikwa juu, anaipeleka kwa mwenye mawe. Mpaka ijibiwe, hakuna mwingine anayeifungua. Nimekaa kwenye meza zile misimu mingi, na mengi ya hapa chini nimeyapata nikisubiri pakiti irudi.

Nianze na saa, maana saa ndiyo iliyonifungua macho.

Mwaka wangu wa kwanza, mama mmoja broka aliniambia tuonane "song thum". Song ni mbili. Kijana aliyekuwa anatafsiri, aliyezoea Wazungu, akaanza kunihesabia kwa vidole: usichanganye, hiyo ni saa 20:00. Nikamwambia kwetu nayo ni saa mbili usiku. Hakuniamini. Nikamhesabia: saa moja usiku, saa mbili, saa tatu. Naye akanihesabia: nueng thum, song thum, sam thum. Tulikwenda hivyo hadi saa tano bila kupishana. Wazee wanahesabu hivyo hata asubuhi: sam mong chao ni saa tatu asubuhi, ile ile yetu. Tunaachana baada ya adhuhuri, kwa sababu wao wanaanza hesabu upya, saa nane yetu ya mchana wanaiita bai song. Thum ni mlio wa ngoma iliyokuwa ikipigwa usiku kutangaza saa, na mong ni mlio wa upatu wa mchana. Tiketi ya basi imeandikwa kwa saa 24, lakini mdomoni mwa watu ngoma bado inalia.

Kisha majina. Mthai hakuiti "wewe" kama anakuheshimu. Anakuita phi ukiwa umemzidi umri, nong ukiwa mdogo kwake, hata kama mmekutana sasa hivi kwenye kibanda cha supu. Wakubwa zaidi wanapewa majina ya ukoo, na hapo Mswahili atakaa chini afurahi. Sisi tunaangalia upande kwanza: shangazi wa kwa baba, mjomba wa kwa mama. Wao wanaangalia umri kwanza: aliyemtangulia kuzaliwa baba yako au mama yako, mwanamume ni lung, mwanamke ni pa, upande wowote. Wadogo ndio wanaotenganishwa: mdogo wa mama ni na, mdogo wa baba ni a, awe mume au mke. Babu na bibi wa kwa mama ni ta na yai, wa kwa baba ni pu na ya. Yule mama broka alimzidi umri mama yangu mzazi, kwa hiyo namwita Pa, na humu nitamwita hivyo hivyo.

Salamu yao ya viganja, wai, mmeiona kwenye picha. Kisichoonekana kwenye picha ni kwamba ina ngazi na ina mwenye kuanza. Mdogo ndiye anayeanza, kama shikamoo. Kwa mtu wa rika lako viganja vinakaa kifuani au kidevuni, kwa mzazi na mwalimu vidole gumba vinafika puani, kwa mtawa wa Kibudha vidole gumba vinafika kati ya nyusi na kichwa kinainama. Mtawa hakurudishii wai. Mgeni anayemwanzia mtoto wa dukani anamtia mtoto aibu, sawa na wewe umwamkie shikamoo mjukuu wako.

Sasa kosa langu. Siku moja feni ya dukani ilipeperusha noti ya baht 100 kutoka mezani kwangu. Nikafanya ambalo ningelifanya Arusha siku ya upepo, nikaikanyaga isiende mbali. Meza za jirani zikanyamaza. Pa akachuchumaa, akagusa kiatu changu ninyanyue mguu, akaiokota noti, akaifuta kwa kiganja, akainyanyua hadi kwenye paji la uso, kisha akaiweka mezani taratibu. Yule kijana akaniambia: anasema si habari ya pesa.

Kwao kichwa ndicho mahali pa juu kabisa pa mtu na mguu ndio wa chini kabisa. Noti ina sura ya mfalme. Nimeweka wayo wangu juu ya uso wake. Ipo sheria ya kumkashifu mfalme, kifungu cha 112, miaka 3 hadi 15 jela kwa kila kosa, na vijana walioandamana mwaka 2020 kutaka ibadilishwe wengi wao walishtakiwa kwa kifungu hicho hicho. Hayo sitayaficha. Lakini Pa hakuwa anamwogopa polisi. Niliuona uso wake. Aliumia kama mtu aliyeona picha ya baba yake imetupwa chini.

Sasa nirudi kwa Mkweli Daima.

Ndugu yangu, "hawakutawaliwa" ni kweli na si kweli. Mwaka 1855 Siam ilisaini mkataba na Waingereza uliowafunga mkono wasitoze ushuru wa bidhaa za nje zaidi ya asilimia 3, na raia wa Uingereza akikosea ndani ya Siam anashtakiwa kwa balozi mdogo wa nchi yake. Mwaka 1893 manowari za Ufaransa zilipanda mto Chao Phraya hadi Bangkok, Siam ikaachia ng'ambo yote ya kushoto ya Mekong. Mwaka 1907 ikaachia Battambang na Siem Reap kwa Wafaransa, mwaka 1909 ikaachia Kedah, Kelantan, Terengganu na Perlis kwa Waingereza. Na Chanthaburi yenyewe ilikaliwa na jeshi la Ufaransa zaidi ya miaka 10 tangu 1893, kama rehani mpaka Siam itimize masharti. Kule Laem Sing kuna gereza dogo la matofali walilolijenga. Wenyeji wanaliita Khuk Khi Kai, jela ya mavi ya kuku, kwa sababu inasimuliwa kwamba kuku walifugwa juu na wafungwa wakakaa chini. Wanawapeleka watoto wa shule kuliona.

Na mengi tunayoyaita "ya asili yao" yana umri wa bibi yangu. Jina Thailand ni la tarehe 24 Juni 1939, agizo la serikali ya Phibun, waziri mkuu wa wakati huo. Kabla ya hapo nchi iliitwa Siam. Neno sawatdi, salamu anayofundishwa kila mgeni uwanja wa ndege, lilitungwa kutoka Kisanskriti na profesa wa Chuo Kikuu cha Chulalongkorn, Phraya Upakit Silapasan, na likafanywa salamu rasmi mwaka 1943. Kabla ya hapo watu walisalimiana kwa kuulizana umetoka wapi, au "kin khao rue yang", umeshakula wali? Pa mpaka leo ananisalimia hivyo. Majina ya ukoo yamekuja kwa sheria ya 1913. Bendera ya rangi tatu ni ya 1917. Wimbo wa taifa unaowasimamisha watu kila siku saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, muziki wake ulitungwa mwaka 1932 na Phra Chenduriyang, ambaye baba yake alikuwa na asili ya Ujerumani na mama yake Mmon, kabila moja la huko.

Nimesimama nao stendi ya Chanthaburi wimbo ukipigwa. Muuza ndizi za kukaanga ameshika koleo hewani, mafuta yanachemka, hageuzi. Ukiisha anageuza. Mimi siwezi kumwambia yule mama kwamba wimbo wake si wa asili.

Hiyo ndiyo hoja yangu. Wathai wana vitu vya kale sana na vitu vya juzi, vya kwao na vya kuja, na wanavishika vyote kwa mikono miwili. Karibuni tuzungumze.

Binti Pangani

Mkuu shukrani, nimeusoma wote nikiwa kwenye daladala. Hiyo ya saa nimempigia mume wangu kumsimulia. Naomba utuambie chakula, maana hapo umepita kwa mbali.

Broka wa Safaya

Dada, ukiingia jiko la Kithai utakutana na ukwaju kwanza. Wanauita makham. Mti wa ukwaju asili yake ni Afrika, ukavuka bahari zamani, na leo mkoa wa Phetchabun umejijengea jina kwa ukwaju mtamu. Pad thai bila maji ya ukwaju si pad thai. Na hiyo pad thai, tambi za mchele ni za Wachina, ilisambaa wakati serikali ya Phibun inawahimiza watu wale tambi. Pilipili ilitoka Amerika. Vile vitamtam vya nyuzi za dhahabu, foi thong, ni kiini cha yai kinachochuruzishwa kwenye sukari inayochemka, ujuzi wa Kireno. Wathai wanamtaja waziwazi aliyevieneza, Maria Guyomar de Pinha, mwanamke wa karne ya 17 wa Ayutthaya, mji mkuu wa Siam enzi hizo, mwenye damu ya Kijapani na Kireno. Na tom yam kung, supu ya kamba, imeingizwa kwenye orodha ya UNESCO Desemba 2024.

Ninachokipenda mimi ni som tam. Papai bichi linashikwa kiganjani, linakatwakatwa kwa kisu juu juu, tak tak tak, kisha linachunwa nyuzi ndefu. Kinu ni cha udongo, mchi wa mti. Kitunguu saumu na pilipili kwanza, kisha maharage marefu, nyanya, maji ya samaki, ukwaju au ndimu. Mama anaponda kwa mkono wa kulia, wa kushoto unageuza kwa kijiko, havigongani. Kabla ya kumaliza anakuchotea uonje, na akikuuliza usiseme "sawa tu". Anataka uamue: chumvi, kali, chachu.

Mkweli Daima

Mkuu, nimekusoma kwa heshima. Ila hujanijibu. Mahakamani kwao ni Kithai. Chuo kikuu, Kithai. Daktari anazungumza na mgonjwa kwa Kithai. Mtoto wa kijijini anasoma fizikia kwa lugha ya mama yake, na herufi ni zao wenyewe. Sisi mtoto anafika sekondari anaanza upya kwa lugha ya watu. Hayo si matunda ya kutotawaliwa?

Broka wa Safaya

Hapo nakubaliana na wewe, tena kwa uchungu. Nimeona dukani kwao kitabu cha madini cha chuo, kinene kuliko tofali, chote Kithai. Nimekaa nacho nikatazama michoro. Herufi zao zinanasibishwa na mfalme Ramkhamhaeng wa Sukhothai, na jiwe lenye maandishi yake ni la mwaka 1292. Aliyelipata mwaka 1833 alikuwa Mongkut, wakati huo akiwa mtawa, baadaye akawa mfalme. Herufi zenyewe zilichongwa kutokana na za Kikhmer, lakini leo nani atawanyang'anya?

Ila kuna jambo moja, na ni zito. Umesema "lugha ya mama yake". Yule mama wa som tam anatoka Isan, kaskazini-mashariki. Lugha aliyonyonya ni Kilao. Isan ni kama theluthi moja ya watu wote wa Thailand. Surin na Buriram wako wanaosema Kikhmer. Kusini kabisa ni Kimalay. Kaskazini ni Kham Mueang. Maagizo ya Phibun ya 1939 hadi 1942 yalikuwa 12, na la tatu lilikataza watu kuitwa Wathai wa kaskazini, Wathai wa kusini au Wathai Waislamu. Wote waitwe Wathai, basi. Hakuna Mzungu aliyetoa agizo hilo. Binti wa Isan aliyenisaidia kutafsiri aliniambia alipofika Bangkok kusoma alijifunza kuficha lafudhi yake, kwa sababu kwenye tamthilia za televisheni mtu wa Isan alikuwa ndiye mtumishi. Kwa hiyo nakuunga mkono kuhusu Kithai cha shule. Neno "safi" ndilo ninalolikataa, maana kila mahali linapopita kuna mtoto anayefundishwa kuonea aibu lugha ya bibi yake.

Mzee Kigoda

Vijana, mnanikumbusha mbali. Mwaka 1969 nilikuwa Dar, na Operesheni Vijana ya Umoja wa Vijana wa TANU ilipiga marufuku sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Wasichana walifukuzwa mitaani. Tuliambiwa ni kulinda utamaduni. Huyo Phibun naye aligusa mavazi?

Broka wa Safaya

Shikamoo mzee. Aligusa sana, na mwelekeo wake ulikuwa kinyume na wa Dar. Agizo la 10, la Januari 1941, lilihusu mavazi: watu wasionekane mbele za watu hawakuvaa sawasawa, na serikali ikawasukuma wavae kama Ulaya. Ikaja kampeni ya kofia, kila mtu avae kofia ili taifa litukuke. Tambuu ikapigwa marufuku, wakulima wa tambuu na popoo wakapata hasara. Pa alizaliwa baada ya hapo, lakini mama yake alimsimulia alivyokuwa akificha kijaluba cha tambuu chini ya mkeka. Leo kijaluba hicho kiko kwenye kabati la kioo sebuleni kwa Pa, ndani yake amebakiza kile kisu kidogo cha kukatia popoo. Hatafuni, lakini hakiuzi.

Kijana wa Kisauni

Ahsante sana kaka. Mimi niko Mombasa. Nimesikia kuna Waislamu wengi huko na kwamba mambo yao si mazuri. Waweza tueleza? Na wamefikaje fikaje huko, ni Waarabu?

Broka wa Safaya

Ndugu yangu, wako wa aina nyingi. Mapema karne ya 17 mfanyabiashara kutoka Qom, Uajemi, jina lake Sheikh Ahmad, alifika Ayutthaya, akapanda hadi kuwa afisa mkubwa wa mfalme na kiongozi wa kwanza wa Waislamu wa nchi ile. Cheo hicho kipo hadi leo, kinaitwa Chularatchamontri. Ukoo wake, Bunnag, ukawa miongoni mwa koo kubwa kabisa za Siam, wengi wao baadaye wakawa Wabudha. Sisi wa pwani tunaosimulia habari za Washirazi tunaijua hadithi ya namna hii. Bangkok penyewe, mtaa wa Ban Khrua kando ya mfereji, ni wa Wacham, Waislamu waliotoka upande wa Kambodia, na mikono yao ndiyo iliyofuma hariri iliyotia jina Thailand duniani baada ya Vita Kuu ya Pili.

Kusini ndiko kwenye jeraha. Patani, Yala na Narathiwat ni nchi ya Wamalay, zamani ilikuwa na sultani wake, na mpaka wa 1909 ukawaacha upande wa Siam. Tangu 2004 kuna vita vya chini chini, maelfu wamekufa. Tarehe 25 Oktoba 2004, Tak Bai, mwezi wa Ramadhani, waandamanaji walikamatwa, wakafungwa mikono nyuma wakalazwa kwenye malori ya jeshi mmoja juu ya mwingine. Watu 85 walikufa siku ile, 78 kati yao kwa kukosa hewa malorini. Oktoba 2024 miaka 20 ya kushtaki ikaisha bila hata mshtakiwa mmoja kusimama kizimbani. Mtu akiniambia Wathai ni watu wa tabasamu, mimi nakubali, nimelipokea tabasamu hilo. Lakini na Tak Bai ni Thailand.

Mlinda Ghala

Habari wakuu. Mimi nafanya kazi kwenye makumbusho. Naomba kuuliza kuhusu vitu vyao vilivyoibwa, wanavirudishaje?

Broka wa Safaya

Swali zuri, na hili nimelifuata kwa miguu. Buriram kuna hekalu la Phanom Rung, lililojengwa na Wakhmer kileleni mwa volkano iliyozimika, kati ya karne ya 10 na ya 13, kwa ajili ya Shiva, mungu wa Kihindu. Milango yake 15 imepangwa mstari mmoja, na kwa siku chache Aprili na Septemba jua linachomoza likapenya yote. Juu ya mlango wa mashariki kuna jiwe la kizingiti lililochongwa Vishnu amelala juu ya nyoka, wao wanamwita Phra Narai. Liliibwa miaka ya 1960. Baadaye likaonekana kwenye jumba la sanaa la Chicago. Hekalu lilikuwa likikarabatiwa tangu 1971, jiwe kwa jiwe, na lilipokaribia kufunguliwa mwaka 1988 watu wakasema haiwezekani mlango ufunguliwe hauna paji la uso. Wanafunzi, magazeti, wanamuziki, Wathai waishio Marekani, wote wakapaza sauti. Novemba 1988 jiwe likarudi, na lipo mahali pake. Nimesimama chini yake. Limemeguka upande mmoja, na sehemu ya kumeguka inaonekana wazi.

Tangu hapo hawajaacha. Mwaka 2021 vizingiti viwili vilirudi kutoka San Francisco, na mwaka 2024 jumba la Metropolitan la New York likarudisha sanamu mbili, moja ni ile ya shaba iliyopakwa dhahabu waliyoipa jina Golden Boy.

Ona jambo hapo, mkuu. Hekalu ni la Kikhmer na mungu ni wa Kihindu. Anayelilia jiwe ni Mthai Mbudha. Uzuri upo hapo, na hatari pia: mwaka 1962 mahakama ya The Hague iliipa Kambodia hekalu la Preah Vihear, na mpaka ule umemwaga damu tena Julai 2025. Hata ndondi wanagombania. Mashindano ya Asia ya Kusini-Mashariki ya 2023, Kambodia iliuita mchezo Kun Khmer badala ya Muay Thai, Thailand ikakataa kupeleka mabondia. Ngoma ya vinyago, Khon, UNESCO iliiandika mwaka 2018 kwa jina la Thailand, na mwaka huo huo ikaandika ya Kambodia, hadithi ni ile ile ya Rama.

Mlinda Ghala

Umenigusa. Kinyago chetu cha Kimakonde kiliibwa Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam mwaka 1984, kikaonekana Geneva, kikarudi 2010. Miaka 26. Na mtaani hakuna aliyepaza sauti, kilirudishwa na watu wachache waliong'ang'ana ofisini. Laiti tungekuwa na wanamuziki wa kuimba habari zake.

Binti Pangani

Kaka, swali la mwisho nikuache upumzike. Huyu Pa baada ya ile noti alikusamehe?

Broka wa Safaya

Dada, hakuwahi kuitaja tena. Mwaka uliofuata nilikuwa huko tarehe 13 Aprili, Songkran, mwaka mpya wao. Barabarani ni ndoo na mipira ya maji, kila mtu kalowa. Pa akanipigia simu niende kwake asubuhi kabla sijalowa.

Sebuleni walikuwa wameketi wazee watatu kwenye viti, Pa katikati, mikono juu ya magoti. Mbele yao bakuli la fedha lenye maji, yaswimini zinaelea, na manukato kidogo. Watoto na wajukuu walikuwa wanakwenda kwa magoti mmoja mmoja, kwa umri, wanachota maji kwa kikombe kidogo na kumwagia viganja vya wazee, taratibu, kidogo kidogo. Mzee anasema dua. Zamu za watoto zikaisha, wote wakanitazama mimi.

Nikapiga magoti. Nikahakikisha nyayo zangu zimeelekea mlangoni. Nikachota, nikamwagia Pa. Viganja vyake vimejaa makovu madogo ya kazi ya tanuri aliyoifanya ujanani. Akasema maneno marefu ambayo sikuyaelewa, kisha ile mikono iliyolowa akaipitisha kichwani kwangu, kuanzia paji la uso hadi kisogoni, mara mbili.

Akainuka, akaniuliza: kin khao rue yang? Nikamwambia bado. Akanivuta mkono hadi jikoni, kulikuwa na wali na kaeng som, mchuzi mchachu, ya samaki, chachu ya ukwaju hasa.